Ombi Lako Limepokelewa

Jina la Dada Kodi alipewa na shangazi yake, tena bila kukusudia. Shangazi alimkuta nyumbani ameinamia kompyuta, akamuuliza anafanya nini, naye akajibu kwa mkato, "Naandika kodi, shangazi," akimaanisha yale maandishi ambayo kompyuta huyasoma na kuyatii. Shangazi akatoka akautangazia mtaa mzima kwamba binti wa kaka yake siku hizi anaandika kodi. Tangu hapo kila alipopita dukani aliamkiwa kwa heshima ya kutisha, na muuza nguo mmoja akimwona kwa mbali alikuwa anafunga mlango mchana kweupe. Alipowasimulia wenzake kazini walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likaganda.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye vyumba viwili juu ya duka la vioo. Ofisi hiyo ilipeleka wauguzi majumbani kwa wagonjwa wasioweza kutoka: kufunga vidonda, kuchoma sindano, kupima presha. Mgonjwa au ndugu yake aliandika ombi kwenye simu, akaeleza shida yake na nyumba ilipo. Nyumba nyingi hazikuwa na namba, kwa hiyo watu walieleza kwa maneno: geti la bluu, ukimpita kinyozi, ulizia kwa mama wa mapazia. Programu ilisoma maelezo hayo, ikakisia ni eneo gani, ikampelekea ombi muuguzi wa eneo hilo. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Ruby, na aliyeiandika karibu yote alikuwa Fundi Mkuu, mtu aliyemfundisha Dada Kodi kazi kabla hajahamia kampuni kubwa na kumwachia peke yake mzigo wote.

Asubuhi moja programu ilianguka. Ofisini hakuna aliyejua. Walikunywa chai, wakataniana, mpaka binti wa mgonjwa mmoja alipopanda ngazi akihema na kuwagombeza wote kuanzia mapokezi. Mkurugenzi alikuwa mwanamume nadhifu ambaye zamani alikuwa mfamasia, na kama kulikuwa na kitu alichokiogopa kuliko hasara, ni aibu. Binti yule alipoondoka, akamwita Dada Kodi.

"Nataka mambo yakiharibika tujue sisi kwanza," alisema. "Mgonjwa asiwe ndiye wa kutuambia."

"Inawezekana," Dada Kodi akajibu. "Tutaweka mlinzi."

Mlinzi huyo alikuwa kifurushi cha programu kinachoongezwa ndani ya programu nyingine. Kazi yake ni kukaa macho: kosa likitokea popote, linaandikwa mahali pamoja, pamoja na mstari wa maandishi uliolisababisha, na taarifa inatumwa kwenye simu ya mhusika. Dada Kodi alikiweka, akaandika faili dogo la mipangilio, akaficha ufunguo wake wa siri nje ya maandishi ya programu ili asije mtu akauokota. Akamwagiza mlinzi alinde seva halisi tu, yaani kompyuta inayowahudumia wagonjwa, si kompyuta yake ya majaribio, maana yeye mwenyewe alikosea kutwa nzima na hakutaka kuamshwa na makosa yake. Halafu akakaa muda mrefu kwenye sehemu moja: taarifa ya kosa ingebeba nini? Kwa kawaida ingebeba kila alichoandika mgonjwa. Jina. Simu. Ugonjwa. Alifikiria shangazi yake na lile jipu alilowahi kuwaficha ndugu wote, akaamuru vitu hivyo vifutwe kabla taarifa haijatoka. Watu walikuwa wameahidiwa, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, kwamba siri zao zinabaki kwa muuguzi.

Kujaribu, akaiambia programu igawe moja kwa sifuri. Simu yake ikalia. Akatabasamu peke yake.

Kisha pakawa kimya. Wiki ikaisha, ya pili ikafuata, mlinzi hakusema neno. Mkurugenzi alipita kila asubuhi, akachungulia ukurasa mtupu wa taarifa za mlinzi begani kwa Dada Kodi, akasugua mikono. "Safi kabisa! Fundi Mkuu aliijenga nyumba hii kwa zege."

Dada Kodi aliitikia, lakini moyo wake haukutulia. Yeye anazijua programu. Hakuna isiyokosea, kama vile hakuna mtoto asiyejikwaa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kimya hiki kilikuwa kingi mno.

Katika wiki hizohizo kulikuwa na kikao. Sista, mkuu wa wauguzi, alifungua mafaili yake na kusema bila kupindapinda kwamba kule upande wa pili wa reli hakuna kazi. Maombi yalikuwa ya kuhesabu kwa vidole, wakati pande nyingine wauguzi wanakimbia kama wanafukuzwa.

"Baiskeli anakaa bure," alisema. "Tumhamishie mjini kati."

Baiskeli, muuguzi wa upande huo, alikuwepo. Walimwita hivyo kwa kuwa hajawahi kuonekana bila baiskeli yake. Utani wa ofisini ulikuwa kwamba siku ya harusi yake baiskeli ndiyo iliyoshika nafasi ya msimamizi. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Wagonjwa wapo, Sista," alisema. "Nawaona vibarazani."

"Mbona hawaombi?"

"Sijui. Wengine nikiwasalimia wananiitikia kama mtu waliyekosana naye."

"Basi hawatutaki," Mkurugenzi akasema. "Kuna mitaa haipendi mambo ya simu. Tusilazimishe." Akaongeza, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, "Tumpe mpaka mwisho wa mwezi."

Dada Kodi alirudi mezani na yale maneno ya Baiskeli yakimkereketa. Akaanza kuisoma programu ya Fundi Mkuu upya, mstari kwa mstari, kama mtu anayepekua godauni. Mchana wa siku ya pili akakuta alichokuwa akikitafuta bila kujua. Katika Ruby kuna neno ambalo maana yake ni "okoa". Linawekwa mahali penye hatari: likitokea kosa hapa, usianguke, fanya hivi badala yake. Fundi Mkuu alikuwa ameliweka mahali ombi la mgonjwa linapopokelewa. Na chini yake, pa kuandika "fanya hivi", hakuandika lolote. Kosa likitokea, programu ililimeza, ikaendelea na mstari unaofuata, ambao ulimwandikia mgonjwa: "Asante. Ombi lako limepokelewa."

Alikaa akaitazama skrini. Ombi lilikuwa halijahifadhiwa popote. Programu iliokoka, mgonjwa akaambiwa asante, na mlinzi hakuona kitu, kwa sababu kosa lililomezwa halimfikii mlinzi.

Akampigia Fundi Mkuu.

"Ee, Kodi! Watoza ushuru hawajambo?"

"Hawajambo, kaka. Nina swali. Pale kwenye kupokea maombi, umeokoa kosa halafu hukufanya kitu."

"Bado ipo ile?"

"Ipo."

"Lo!" Fundi Mkuu akashusha pumzi. "Unajua mwanzoni ilikuwaje? Likitokea kosa, mgonjwa anaona ukurasa mwekundu umejaa Kiingereza. Bibi mmoja alifikiri ameivunja simu ya mjukuu wake, akalia. Mkurugenzi akaniambia, sitaki mgonjwa aone kosa tena, hata moja. Nikaziba. Nilisema nitarudi kupatengeneza vizuri."

"Hukurudi."

"Sikurudi, mdogo wangu. Kila siku palikuwa na moto mwingine wa kuzima. Je, kuna kitu kimepita hapo?"

"Sijui bado. Ndiyo ninaenda kuona."

Hakumlaumu. Ndani ya programu ileile mlikuwa na sehemu zake mwenyewe alizozifunika haraka akiwaza kwamba kesho ipo. Alichofanya ni kuongeza mstari mmoja chini ya lile neno la kuokoa: mpe mlinzi taarifa. Akapeleka mabadiliko kwenye seva, akaenda kunawa uso.

Aliporudi, simu ilikuwa inatembea mezani kwa mtetemo.

Taarifa ziliendelea kuingia mchana kutwa, na zote zilikuwa za kosa lilelile. Hifadhidata, yaani ile ghala ya kumbukumbu za programu, ilikuwa inalalamika: kosa la sarufi karibu na "ambo". Kila taarifa, "ambo". Majina na simu vilikuwa vimefutwa kama alivyoamuru, hakuna kingine cha kushika. Akaanza kupekua kichwa. Ambo nini? Mambo? Tambo? Mgonjwa gani huyo anayeandika ambo?

Kulikuwa na jambo jingine lililomnyima raha. Taarifa ilibeba alama ya simu iliyotumika, alama isiyosema mwenyewe ni nani, ila inayoonyesha kama ni ileile au nyingine. Kesho yake asubuhi, ofisi ilipofunguliwa, kosa likaingia kutoka simu fulani. Keshokutwa, saa ileile, simu ileile. Mtu huyo alikuwa akiomba kila asubuhi, na kila asubuhi anashukuriwa.

Alimweleza Mkurugenzi. Alimwona akibadilika rangi, kwanza kwa aibu, halafu kwa kitu kilicho chini zaidi ya aibu.

"Fungua hayo majina," Mkurugenzi akasema. "Leo hii. Tumjue ni nani."

"Nikifungua, ya wote yatatoka, pamoja na magonjwa yao, na taarifa hizi zinahifadhiwa kwenye mashine za watu wengine huko nje. Tuliwaahidi."

"Mtu anaumwa, wewe unaniletea ahadi?"

Swali lilimchoma, kwa kuwa hata yeye alikuwa amejiuliza hivyohivyo njiani akija kazini. "Nipe leo tu," alisema. "Nikilipata kosa lenyewe nikaliondoa, kesho asubuhi ombi lake litaingia kwa jina lake, mahali panapostahili. Nisipolipata, tutakaa tena."

"Leo tu," Mkurugenzi akasema, shingo upande.

Dada Kodi akamwendea Baiskeli, aliyekuwa kwenye korido anapaka mnyororo mafuta.

"Njoo ukae hapa. Jifanye mgonjwa wa upande wako. Andika kama wanavyoandika wao."

Baiskeli akajifuta mikono, akaketi, akaanza kugonga herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Naumwa mguu. Nipo ngambo ya reli, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Akatuma. Ombi likaingia bila matata.

"Haya, sioni kosa," alisema Baiskeli.

Mama wa mapokezi alikuwa amesimama nyuma yao na kikombe. Hakuna lililompita mwanamke yule. "Kosa lipo," alisema. "Ng'ambo haiandikwi hivyo. Umeacha ritifaa. Hapo umeandika ng kama ya ngoma."

Dada Kodi aligeuka taratibu. Akaondoa mkono wa Baiskeli kwenye kibodi, akarudia sentensi, safari hii na kile kialama kidogo juu, kati ya g na a. Akatuma.

Asante. Ombi lako limepokelewa.

Na simu yake ikatetemeka: kosa la sarufi karibu na "ambo".

Hakucheka wala hakupiga kelele. Aliona yote kwa mara moja. Pale programu ilipotafuta eneo la mgonjwa, maneno yake yaliunganishwa moja kwa moja na swali linalopelekwa kwenye hifadhidata, na katika lugha ya hifadhidata kialama kile kinamaanisha kwamba maneno yamekwisha. Ikisoma ng', inadhani mtu amemaliza kusema. "Ambo ya reli" inakuwa takataka. Na ni akina nani wangeandika neno ng'ambo kila siku, kila ombi, kama si watu wa ng'ambo yenyewe? Mtaa mzima ulikuwa umeangukia ndani ya ritifaa moja. Waliopenya ni wachache walioandika ovyo, kama wengi tuandikavyo kwenye simu. Aliyeandika kwa usahihi ndiye aliyepotea.

"Kwa hiyo walikuwa wanaomba," Baiskeli akasema polepole. "Ndiyo maana wananiitikia vile."

Kulitengeneza hakukuchukua hata nusu ya mchana. Maneno ya mgonjwa yakapelekwa kando na swali, kama inavyotakiwa, hata aandike ritifaa mia. Dada Kodi akajaribu ng'ombe, ng'ambo, ng'arisha, akajaribu na upuuzi mwingine. Vyote vikapita.

Asubuhi iliyofuata alifika mapema, na hakuwa peke yake. Mkurugenzi alikuwa amesimama karibu na dirisha akijifanya anatazama barabara. Saa ilipofika, ombi likaingia. Liliandikwa kwa nukta na mikato, kama barua ya kuomba kazi. Mwandishi alikuwa mwalimu mstaafu. Alimwombea mke wake, mwenye kisukari na kidonda cha mguu kisichopona. Nyumba yao iko ng'ambo ya reli, nyuma ya kiwanda cha sabuni, mlango wa kijani. Alimalizia: "Natanguliza shukrani kwa mara nyingine."

Dada Kodi alisoma maneno matatu ya mwisho mara kadhaa. Kisha akamwambia Baiskeli, "Twende wote."

Mwalimu alikuwa mtu mrefu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni. Aliwakaribisha kana kwamba walikuwa wamechelewa kidogo tu. Mke wake alikuwa amekaa kitandani mguu ukiwa juu ya mto, umefungwa kitambaa safi kilichopigwa pasi. Mwalimu alikuwa akimfunga mwenyewe, akifuata alivyosoma kwenye kijitabu cha huduma ya kwanza. Baiskeli alipofungua kitambaa, aliuchunguza mguu pande zote, kisha akaufunika tena.

"Mama, hili ni la hospitali," alisema hatimaye. "Leo, si kesho. Mimi nitakusindikiza."

Mama akamtazama mumewe. "Nilimwambia huyu, majirani wanaandika bila kile kikoma cha juu na wanajiwa. Aliniambia hawezi kuandika ovyo, eti wanafunzi wake watasema nini."

"Sikuamini kama ni hilo," Mwalimu akasema. "Nani angeamini?"

Dada Kodi alijikuta ameketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Mwalimu, mimi ndiye ninayeitunza programu ile. Maombi yako hayakutufikia. Hata moja. Ile asante ilikuwa ya uongo."

"Ilisema limepokelewa."

"Ndiyo."

"Nami nikasema, basi, wamelipokea, tungoje zamu. Kijana huyu nilikuwa namwona akipita na baiskeli. Nikasema anawaendea waliotutangulia. Mke wangu akilalamika, namwambia mstaarabu husubiri." Sauti yake haikupanda. "Mngeniambia halijafika, binti yangu, ningembeba mgongoni."

Dada Kodi akainuka kwenye kigoda. Alisaidia kukunja nguo za mama ndani ya mkoba. Walipotoka, alibeba mkoba huo mpaka kwenye teksi waliyoiita.

Mama alikatwa vidole viwili vya mguu. Daktari alisema wangekawia zaidi, ungeenda mguu. Ofisini wengine waliipokea habari hiyo kama habari njema, na kwa upande fulani ilikuwa njema, lakini Dada Kodi hakuweza kuifurahia. Vidole viwili ni vidole viwili. Angeligundua kosa mwezi mmoja mapema, pengine vingekuwepo.

Baiskeli hakuhamishwa. Alizunguka mlango kwa mlango ng'ambo ya reli, akiwaomba watu waandike tena, na kabla ya mwezi kwisha Sista alimwongezea mwenzake. Alisema tu, mbele ya kikao, "Nilisema hawatutaki. Haikuwa kweli," kisha akafungua faili jingine. Kwa kumbukumbu, aliyesema hawatutaki alikuwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa anatazama kalamu yake.

Mgogoro uliobaki ulikuwa wa maneno. Dada Kodi alitaka programu ikishindwa, imwambie mgonjwa wazi: samahani, ombi lako halijafika, tupigie simu kwa namba hii. Mkurugenzi alishtuka. Namba ya ofisi, kwenye ukurasa wa kushindwa? Watu si watasema hatuwezi kazi?

"Watasema," Dada Kodi akakubali. "Lakini watakuwa wamejua."

Walivutana siku kadhaa. Mkurugenzi alipendekeza "tunashughulikia", Dada Kodi akakataa. Akapendekeza "subiri kidogo"; Dada Kodi akamweleza tu alivyosema Mwalimu kuhusu kusubiri, hakuongeza lake. Mkurugenzi alivua miwani, akaipangusa kwa tai muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Weka," alisema. "Lakini neno samahani liwe kubwa."

Makosa hayakwisha, wala hakutarajia yaishe. Kila wiki mlinzi alileta mapya, na mengi yalikuwa madogo ya kuudhi: picha isiyofunguka, tarehe iliyopinduka, mtu aliyeandika umri wake kwa maneno. Dada Kodi alijifunza kuyapanga, mengine yamlilie simuni papo hapo, mengine yangoje chai iishe. Siku moja Mkurugenzi alipita, akachungulia ukurasa uliojaa, akaguna.

"Zamani ulikuwa mweupe," alisema kwa masikitiko kidogo.

Chumba cha pili simu ya mezani ililia. Mama wa mapokezi akaweka kikombe chini, akasafisha koo. "Halo, karibu," walimsikia akisema. "Halijafika? Usijali, mwanangu, nieleze mimi. Nyumba iko wapi?"